Hezekiah Kipkemei, Aliyetafutwa Siku ya Pili

Ndugu na majirani mliofika hapa Elburgon leo, Jumamosi tarehe 25 Julai 1959, kabla udongo haujarudishwa tunawaomba mtulie kidogo msikie mtu huyu alikotoka, kwa maana wengi wenu mlimjua kama fundi wa kunoa misumeno tu, na wengine mlimjua kwa sifa mbaya ya mjini, na wachache sana mlimjua yeye mwenyewe. Kwa desturi maneno haya husomwa na mtu wa ukoo. Ukoo ulipelekewa habari Londiani na Eldoret, na mpaka saa hii hakuna aliyefika, basi mjane, Chepkosgei, ameomba yasomwe na Kinyanjui, ambaye si ndugu wa marehemu kwa damu, na ambaye sababu ya yeye kusimama hapa itasikika mahali pake.

Marehemu Hezekiah Kipkemei alizaliwa tarehe 9 Februari 1934 hapa hapa Elburgon, katika kambi ya wakata miti chini ya msitu wa Mau, mtoto pekee aliyeishi wa Kipketer, mpasuaji mbao, na mkewe Cheptanui. Mwaka ule mvua ilikataa kunyesha, ndiyo sababu akaitwa Kipkemei, mtoto wa kiangazi, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakulia kama watoto wengine, alitazama mlango tu, kama mtu anayengoja mgeni. Alianza masomo mwaka 1943 katika shule ya misheni karibu na kambi, akasoma vizuri, akapenda hesabu, akabatizwa kwa jina la Hezekiah siku ya Krismasi mwaka 1945.

Tarehe 3 Agosti 1946 gogo liliteleza kutoka kwenye lori na kumlalia baba yake, naye akafa kabla ya jioni. Nyumba ya kambini ilikuwa ya mfanyakazi, na mfanyakazi alikuwa hayupo tena, kwa hiyo Cheptanui akarudi kwa wazazi wake Londiani, na kijana akapelekwa Nakuru kwa mjomba wake, Kimaiyo, aliyekuwa akifanya kazi ya reli na kukaa kwenye landi za wafanyakazi, ili aendelee na shule. Alisoma huko tangu mwaka 1947 hadi 1949, akafika darasa la sita, akilala jikoni na kuchota maji ya nyumba nzima asubuhi, bila manung'uniko, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba huyo ndiye mtu wake.

Mwaka 1949, mwezi wa Juni, mama yake alifariki Londiani, na habari zilimfikia Kipkemei baada ya mavuno, kupitia kwa mtu aliyekuja kuuza ngozi, aliyedhani kijana anajua tayari. Alipouliza kwa nini hakuitwa kuzika, alijibiwa kwamba watu walidhani mjomba amemwambia, na mjomba naye akasema alidhani watu wamemwambia.

Januari 1950 Kimaiyo akahamishwa kikazi kwenda Eldoret. Alifunga mizigo, akapakia mke na watoto, na pale stesheni akamshika Kipkemei bega akamwambia, "Wewe baki kwanza. Nikipata nyumba, nitatuma mtu akuchukue." Kipkemei alikuwa hajatimiza miaka kumi na sita. Nyumba ya landi ikapewa mtu mwingine siku hiyo hiyo, shule ikafunguliwa bila yeye, na kwa muda mrefu kila gari la moshi lililoingia kutoka Eldoret alikuwa pale jukwaani, akitazama nyuso za wanaoshuka, akijaribu kukisia yupi ametumwa. Askari wa stesheni alimzoea hata akaacha kumfukuza. Tunasema haya bila kumlaumu mzee Kimaiyo, aliyekuwa na mzigo wake, lakini mtu hakutumwa.

Kijana alianza kuwabebea watu mizigo sokoni, akalala chini ya mabati ya wauza mboga. Huko Bondeni walikaa mzee Darweshi, fundi viatu, na mkewe Mama Kadija, aliyechoma mandazi alfajiri, na huyo mama alimpa chai mara nyingi, akamwambia asisite kupita. Kipkemei alipita asubuhi. Jioni hakupita, kwa sababu jioni nyumba ile ilikuwa na watoto wake, na sauti, na mlango ukifungwa, na aliona aibu kusimama nje ya mlango unaofungwa. Wenzake wa rika huko Londiani waliingia jandoni pamoja mwaka 1951, wakatoka wakiwa ndugu wa maisha, naye hakuwemo. Hakuwa mtoto tena, wala hakuwa mtu mzima mbele ya mtu yeyote.

Mwaka 1952, mwezi wa Oktoba, ikatangazwa hali ya hatari, na mji wa Nakuru ukabadilika. Malori yalipakia familia za Wakikuyu kutoka mashambani kuwarudisha rizavu, ardhi waliyotengewa na serikali, wengine na kuku wao mikononi, na vijana wengine waliokuwa mjini siku hiyo walirudi nyumbani wakakuta mlango wazi na majivu baridi. Mmoja wao alikuwa Kahiga, kijana mwenye umri kama wa Kipkemei, mrefu, mpole wa maneno, aliyekusanya wenzake karibu na tangi kuukuu la maji kando ya reli, wakajulikana mjini kama Kundi la Tangi. Hawakuwa na siasa. Walivunja mabehewa ya mizigo, waliingia madukani, walinyang'anya watu vichochoroni, na walikuwa wa kila kabila, Mkikuyu, Mjaluo, Mluhya, Mnandi, maana aliyeachwa ni aliyeachwa.

Watu wamesema marehemu aliingia kundini kwa njaa, wengine wamesema kwa uvivu, na wengine kwa kupenda vya bure. Ukweli ni huu, naye aliusema mwenyewe kwa mkewe. Aprili 1953, mvua ya masika ilipokuwa imeanza, alishikwa na malaria, akalala chini ya mabati ya soko akitetemeka, watu wakimruka kwenda kufungua meza zao, mmoja akisema amelewa, mwingine akisema msimguse. Alilala siku nzima na usiku wake. Siku ya pili jua likiwa linashuka, mtu akainama akamwekea chai ya moto mdomoni katika kopo la maziwa, na mtu huyo alikuwa Kahiga, na nyuma yake wenzake watatu.

"Tulikuwa tunakutafuta," Kahiga akamwambia.

Ndugu zetu, kijana huyu alikuwa amengoja miaka mitatu kusikia maneno hayo, na alikuwa ameyangoja kutoka kwa mtu mwingine. Alikunywa chai, wakambeba hadi kwenye tangi, wakamfunika magunia, wakakaa naye mpaka homa ikashuka. Kundi lilikuwa na sheria moja ambayo hata kanisa letu halina, kwamba kila jioni majina yote yanatajwa, na asiyejibu anakwenda kutafutwa. Kipkemei alisema kwamba jioni ya kwanza jina lake lilipotajwa, alichelewa kuitika, ikabidi litajwe mara ya pili.

Hatutaficha aliyoyafanya. Kwa miaka miwili na zaidi aliiba pamoja nao, alipiga watu, alikimbia askari, na aliona kuwa yote hayo ni bei ya kuitwa jina jioni. Mwaka 1954, mwezi wa Agosti, walimnyang'anya mkoba mama mmoja muuza samaki sokoni, Mama Awuor, na aliyemsukuma mama huyo mtaroni ni Kipkemei, si mwingine. Mkono wa mama huyo ulivunjika, ukaungwa vibaya, haujanyooka mpaka leo.

Sasa tumefika mahali pa huyu anayewasomea. Septemba 1955 Kinyanjui alikuwa na miaka kumi na saba, baba yake akiwa kizuizini, mama na wadogo zake wakiwa wamepelekwa rizavu, naye hakuwa na kipande, ile karatasi ya ruhusa ya kukaa mjini, akawa anajificha nyuma ya kinu cha unga karibu na reli, akila makombo ya pumba, hasemi na mtu. Kipkemei alimwona akipita, akaenda kumwambia Kahiga kwamba kuna kijana pale ana homa, na kwamba yeye anampelekea blanketi sasa hivi.

Kahiga alikuwa ananyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo. Hakugeuka.

"Mwache kwanza," akasema. "Nimemwona tangu juzi. Leo bado anadhani kuna mtu wa kwao atakuja. Ukimpa leo, atasema asante na kwenda zake. Kesho jioni atakuwa wetu."

Kipkemei akauliza, polepole, "Na mimi ulinijua siku ya kwanza?"

"Nilipita hapo asubuhi ya kwanza," Kahiga akajibu, akaendelea kunyoa. "Ulikuwa unaita mjomba."

Hakusema kwa ubaya, alisema kama mkulima anavyoeleza siku ya kupanda, na marehemu alisema kwamba jambo hilo ndilo lililomwogopesha, kwa sababu Kahiga alidhani anamfundisha kazi. Kipkemei alichukua blanketi, akaenda kwenye kinu mchana ule ule, akamshika Kinyanjui mkono akamvuta hadi Bondeni, akasimama kwa mara ya kwanza jioni mbele ya mlango wa Mama Kadija. Mama akamwangalia, akamwangalia na yule mgonjwa, akasema, "Kwani huu mlango ulikuwa na simba? Ingieni." Mzee Darweshi akampa Kinyanjui nyundo na kazi ya viatu, akaenda mwenyewe ofisini kumwombea karatasi, akisema huyu ni mfanyakazi wake. Walimwambia Kipkemei naye abaki. Alisema atarudi kesho, na hakurudi, kwa maana alijua kundi litamtafuta kama kawaida, na hakutaka walete utafutaji wao kwenye nyumba ya watu.

Walimpata. Alipigwa mbele ya wote, Kahiga akitazama, na jioni ile majina yalitajwa naye akisikia kutoka shimoni alikotupwa, na jina lake halikutajwa. Alikuwa akisema kwamba majeraha ya fimbo yalipona mapema.

Novemba mwaka huo huo askari walimkamata kwa duka lililovunjwa kabla ya hapo, na kama kuna aliyewaonyesha alipo, hatumjui. Alikiri sehemu yake, akakataa kutaja wengine, akafungwa mwaka mmoja, akakata mawe na kulala kwenye saruji yenye baridi, na kikohozi alichotoka nacho Novemba 1956 hakikumwacha tena. Alipotoka alitahiriwa hospitalini, peke yake, bila wimbo, bila mtu wa kumwonyesha njia, akatembea mwenyewe kurudi kwenye chumba alichokuwa amepanga. Kisha akaenda sokoni kumwomba msamaha Mama Awuor. Alisimama mbele ya meza yake akasema yote, na mama huyo akamsikiliza hadi mwisho.

"Nimesikia," Mama Awuor akamwambia. "Sasa ondoka mbele ya samaki wangu, unafukuza wanunuzi."

Akaondoka. Hakusema kwamba mama huyo alikosea.

Mwaka 1957, mwezi wa Februari, alirudi hapa Elburgon, akaajiriwa katika kiwanda cha mbao kunoa misumeno, kazi ya kukaa peke yake kwenye kibanda na tupa mkononi, na sauti ya chuma ikizuia mazungumzo. Alifanya kazi hiyo vizuri. Lakini habari za mtu hufika kabla yake, na hapa tunasema kwa upole, kwa sababu wengine wetu tulikuwepo, kwamba alipokaa kanisani benchi lake lilibaki na nafasi kulia na kushoto, na panga la mtu likipotea kambini, kibanda chake ndicho kilichotazamwa kwanza. Wale wa kundi la zamani walimwita msaliti, wale wa sasa walimwita mwizi, naye akakaa katikati yao kwa miaka miwili akisalimia wote.

Tarehe 14 Desemba 1957 alifunga ndoa na Chepkosgei, binti wa mfugaji wa upande wa Molo, aliyemwona mara ya kwanza alipoleta maziwa kiwandani na kumkuta akicheka peke yake kwa kitu ambacho hata leo hajui kilikuwa nini. Baba wa bibi arusi hakupenda, alikubali mahari na akakataa kula naye, na siku ya harusi bwana arusi alikula jikoni pamoja na wapishi. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Jelagat, aliyezaliwa jioni ya tarehe 2 Oktoba 1958, ambaye yuko hapa mgongoni mwa mama yake.

Machi 1958 habari zilifika kwamba Kahiga amechomwa kisu na watu wa kundi lake mwenyewe, na kwamba mwili uko Nakuru na hakuna aliyekuja kuuchukua. Marehemu aliomba ruhusa kazini, akapanda lori la mbao, akaenda. Karani akamwuliza yeye ni nani wa Kahiga, na Kipkemei akasema, "Andika ndugu." Alimzika siku hiyo, yeye na mchimba kaburi, mvua ikinyesha. Aliporudi, Chepkosgei alimwuliza inakuwaje anamlilia mtu aliyemwacha alale na homa ili amnunue kwa kikombe cha chai, naye akajibu kwamba amejiuliza hivyo njia nzima, na kwamba hata hivyo chai ile ilikuwa ya moto.

Katika baraza la Juni 1958 hapa Elburgon, wazee walipokuwa wakijadili kwa nini vijana wanakwenda mjini kuingia magenge, na wakataja njaa, na sinema, na ukaidi, yeye ambaye hakuwahi kusema hadharani alinyoosha mkono. Alisema, "Wazee, njaa mtu anaweza kuomba. Mimi naona shida ni jioni. Mchana mji una kazi na wewe, beba hiki, ondoa kile. Jioni kila mtu anaitwa kwao, na wewe hakuna anayekuita. Akitokea wa kukuita, humwulizi yeye ni nani." Mzee mmoja akamjibu kwamba yeye pia aliwahi kukaa peke yake jioni nyingi na hakumvunja mtu mkono. Kipkemei akasema hiyo ni kweli, akaketi.

Tangu wakati huo alianza kuchemsha chai kwenye sufuria kubwa kila Jumamosi nje ya nyumba yake, akipita kambini kuwaalika vijana wasio na jamaa. Tungependa kusema kwamba walijaa. Hawakujaa. Mama zao wengine waliwakataza, wengine walimcheka, na Jumamosi nyingi Chepkosgei alimwambia, "Unapika chai ya harusi na wageni ni sisi wawili." Yeye alinywa alichoweza, akamwaga iliyobaki, akaosha sufuria, na Jumamosi iliyofuata akapita tena. Vijana watano walikuja kwa vipindi mbalimbali. Wawili kati yao walienda mjini hata hivyo, watatu wako hapa, ndio waliochimba kaburi hili.

Mei mwaka huu kikohozi kilileta damu. Alipelekwa hospitali ya Nakuru tarehe 6 Juni, ikaonekana kwamba mapafu yote mawili yameharibika, akalazwa chumba cha wagonjwa wa kifua. Chepkosgei alifunga safari kutoka Elburgon kila alipoweza, na Mama Kadija akampa mahali pa kulala, yeye na mtoto. Tarehe 22 Julai, Jumatano, saa ya kuona wagonjwa jioni, alimkuta mumewe amedhoofika sana lakini akili ikiwa safi. Chumbani mwisho, karibu na dirisha, alikuwa amelazwa kijana mmoja mwenye jeraha la kisu juu ya ugonjwa wake, ambaye tangu kuletwa hakuna aliyemtembelea, na ambaye saa hiyo ilipofika kila siku alikuwa akijifunika shuka uso mzima.

Kipkemei akamwambia mkewe, "Nenda ukae kwake kidogo. Mimi najua uko hapa."

Chepkosgei akakataa, akasema ametoka mbali kumwona yeye. Akamwambia tena, kwa sauti ndogo, naye akaenda, akaketi kwenye kitanda cha yule kijana na mtoto mapajani, akamwuliza jina, na ilichukua muda kabla ya shuka kushuka. Waliongea habari za ng'ombe. Kengele ya kutoka ilipolia aliinuka akarudi, na Hezekiah Kipkemei alikuwa amekwisha kufa, macho yameelekea upande wa dirisha, bila mtu kando yake.

Chepkosgei ameagiza tuliseme jambo hili bila kulipamba, na kwamba watu wasimwambie hapa kaburini kwamba lilikuwa jambo jema. Amemkasirikia mumewe. Saa ile ilikuwa yake, na haitapatikana tena. Vilevile ameagiza tuseme kwamba jana, kabla ya kupanda lori la kuleta mwili, alipita hospitali kwanza, akamwachia yule kijana uji.

Marehemu ameishi miaka ishirini na mitano. Ameacha mjane mmoja na binti mmoja. Kwa niaba yao tunawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kifua, hasa yule muuguzi aliyemfumba macho na kukaa na mjane hadi giza. Tunamshukuru msimamizi wa kiwanda kwa lori na kwa mbao za jeneza, na wafanyakazi wenzake walioziranda. Tunawashukuru mzee Darweshi na Mama Kadija, waliotoka Bondeni na kusafiri kutwa wakiwa wazee, na ambao dua yao imesomwa pamoja na sala zetu bila mtu kuuliza. Na tunawashukuru majirani, mliokuja leo kwa wingi ambao hatukuutegemea, hata nafasi ya kusimama imekuwa shida. Tunaomba tu kwamba mtakapotawanyika msiende moja kwa moja makwenu. Mjane atabaki katika nyumba ile na mtoto, na jua la Julai huzama mapema huku milimani. Apitaye pale agonge.

Nenda salama, Kipkemei, mwana wa Kipketer na Cheptanui. Kazi yako imekwisha, lala, upate amani.